Inchi Moja na Robo

Kocha Ahlgren wa chuo alitaka namba moja tu: chini ya sekunde hamsini na sita. Yadi mia moja za kuogelea chali, urefu wa bwawa mara nne. Alimwambia binti yangu kwenye simu mwezi wa Septemba, bila kuzungukazunguka, na mimi nikampenda kwa hilo.

"Mwakani nina nafasi moja ya mtu wa chali," alisema. "Nipe hamsini na tano na ushee kabla Februari haijaisha, tutaongea. Ukija na hamsini na sita kamili, nitakutakia maisha mema."

Laney alipokata simu alichukua kalamu akaandika 55 kwenye kiganja. Asubuhi ilikuwa imefutika, maana anashinda majini, akaiandika tena. Aliiandika hivyo kila siku mpaka Krismasi. Mama yake, Nadine, alimwambia atapata ugonjwa wa ngozi.

"Basi nitaugua nikiwa chuoni," Laney akamjibu.

Jina lake kamili ni Delaney Tackett. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na saba, mabega mapana kuliko yangu, nywele zimekuwa kama manyasi kwa sababu ya dawa ya bwawa. Nyumba nzima ilinuka hiyo dawa: mito, viti, mpaka mkate. Nilikuwa nimezoea kiasi kwamba wiki moja alipoumwa mafua akakaa nyumbani, nilihisi kuna kitu kimetolewa ndani sikijui ni nini.

Mji wetu, Corvell, una taa tatu za kuongozea magari na bwawa moja, la shule ya sekondari. Watoto wanaogelea kuanzia miaka sita, na wanapomaliza shule inakwisha. Mwaka ule walikuwa wanamaliza kumi na mmoja. Kumi kati yao walijua kwamba Februari wangetoka majini, wajifute, na wasirudi tena mpaka siku watakapokuwa na watoto wao, wamesimama upande wa kina kifupi, maji magotini. Hawakuwa na shida na hilo. Binti yangu alikuwa nayo. Siku moja ndani ya pikapu yangu, tukirudi, aliniuliza huku akitazama dirishani.

"Baba, hivi ukiacha kuogelea, mikono unaipeleka wapi?"

Mimi shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na sita nikaenda kumbebea mjomba wangu udongo wa saruji, na tangu hapo mikono yangu haijawahi kukosa pa kwenda. Mimi ni fundi wa vigae. Mabafu, majiko, vyoo vya kanisa. Na majira ya joto yale, bwawa la shule.

Ukuta wa upande wa kina kirefu ulikuwa umechoka. Vigae vilidondoka, na katikati ukuta ulikuwa umeingia ndani kama shavu la kibogoyo. Karatasi ya kazi ilisema tubomoe vigae vya zamani vyote, tufike kwenye zege, tuanze upya. Mimi na mwenzangu Wendell Coy tulianza Agosti. Ile gundi ya zamani, wazee walioimwaga hawakutaka itoke milele. Siku nzima ya tindo na nyundo tulipata kipande cha ukubwa wa meza. Nilipiga hesabu: tungemaliza mwisho wa Novemba.

Na Laney alikuwa anaamka saa tisa na nusu usiku kwenda kuomba maji ya kuogelea bwawa la mji wa Stroud, dakika arobaini na tano kwenda, dakika arobaini na tano kurudi, kisha darasani. Analala juu ya sahani ya chakula. Mguu wake ulianza kumuuma kwa kuendesha gari. Kila jioni anaingia ananiuliza, "Mmefika wapi?"

Nikamwambia Wendell tuache kubomoa. Vilivyobaki vimeshika kama meno, tubandike juu yake. Tukaweka wavu, tukajaza saruji kunyoosha lile shavu, tukabandika vigae vipya vya bluu na vyeupe. Ukuta ukanyooka mpaka ukipiga pimamaji kiputo chake hakitikisiki. Tulijaza maji tarehe kumi na nane Oktoba. Laney alikuwa wa kwanza kuingia. Alielea katikati, chali, mikono imetanuka, hakufanya chochote, hata kocha wake Bev Strunk akamfokea kutoka ukingoni, "Tackett! Wewe ni gogo au ni mwogeleaji?"

"Niache kidogo, Kocha," alisema. "Nasalimiana nayo."

Ile ndiyo kazi niliyoifurahia kuliko zote maishani mwangu.

Msimu ukaenda. Hamsini na saba na ushee Novemba. Hamsini na sita nukta nane Desemba. Baada ya mwaka mpya akakwama kwenye hamsini na sita nukta tatu, wiki tatu mfululizo, hapandi hashuki. Alikuwa anakuja nyumbani anakula bila kusema, kisha anakwenda kulala sakafuni sebuleni, chali, anatazama dari. Nadine ananyanyua miguu kumruka na kikapu cha nguo.

"Unafanya nini hapo?"

"Naogelea."

"Basi ogelea ukielekea jikoni, vyombo vinakungoja."

Mashindano ya mwisho nyumbani huwa Alhamisi ya mwisho ya Januari, na siku hiyo wanaomaliza shule wanaagwa. Wazazi wanavaa vizuri, unamshika mwanao mkono mnatembea ukingoni mwa bwawa huku umevaa soksi tu, maana viatu haviruhusiwi, na mtangazaji anasoma kikaratasi alichojaza mtoto: chakula anachopenda, kumbukumbu nzuri, mipango ya baadaye. Watoto wengine waliandika uuguzi, jeshi, kusaidia shamba la baba. Tulipofika sisi, mtangazaji akasoma, "Delaney Tackett, binti wa Royce na Nadine. Anapenda mkate wa nyama ya nguruwe iliyokaangwa. Mipango yake ya baadaye..." Akasita, akageuza karatasi kuona kama kuna zaidi. "Kuogelea."

Watu wakacheka, kwa upendo. Laney hakucheka. Mkono wake ndani ya wangu ulikuwa wa baridi.

Saa moja baadaye aliogelea njia ya nne. Sitasimulia sana. Sauti ilikuwa inagonga ukutani na kurudi, Nadine ananifinya begani, mimi natazama ubao wa muda kwa sababu sikuweza kumtazama yeye. Alipogusa, namba zikasimama: 55.94.

Aligeuka akaisoma. Akaisoma tena. Kisha akazama. Alikaa chini muda mrefu mpaka msimamizi akainama kutazama, na alipotoka alikuwa analia na maji yanamtoka puani, na Bev Strunk, mwanamke wa miaka hamsini na sita anayefundisha kemia, alikuwa ameshaingia majini na nguo zake zote.

Kocha Ahlgren alijibu usiku huohuo, maneno machache: *Ndiyo. Karatasi zitafika Jumatano. Karibu.* Laney alinisomea, akamsomea mama yake, akampigia bibi yake akamsomea. Ijumaa nilimsikia bafuni akijisomea mwenyewe.

Jumamosi mwalimu wa michezo, Pruitt, alinipigia simu. Kigae kimoja kimeachia, njia ya nne, mstari wa juu kabisa. Nikamchukua Wendell tukaenda baada ya mazoezi, bwawa likiwa tupu na maji yametulia kama kioo. Nikapiga magoti ukingoni nikakitoa kigae. Kilitoka na tonge la saruji nyuma yake, kikaacha tundu, na ndani ya tundu nikaona kigae cha zamani, cha kijani, kimekaa palepale nilipokiacha.

Nilikuwa nimeona kitu hicho mara elfu. Katika bafu la mtu, ukuta kusogea mbele inchi moja hakumnyimi mtu kuoga. Lakini nilikuwa nimepiga magoti hapo, mbele yangu maji marefu na ile mistari myeusi sakafuni, na nikaelewa. Nilihisi kama mtu ameniita jina langu lote.

"Wendell. Leta ile tepu ndefu."

"Ya nini?"

"Leta tu."

Akaenda upande wa kina kifupi akashika ncha, tukaivuta juu ya maji mpaka ikanyooka. Bwawa la mashindano ni yadi ishirini na tano. Futi sabini na tano. Linaweza kuzidi kidogo. Haliruhusiwi kupungua hata unywele.

"Unasoma ngapi?" Wendell akaita.

Nilisoma mara tatu. Futi sabini na nne, inchi kumi na robo tatu.

"Royce? Ngapi?"

"Limepungua inchi moja na robo."

Alikuja akitembea taratibu, ana kilo mia na ishirini Wendell na magoti mabovu. Akatazama tundu, akatazama tepu, akanitazama mimi. Nilikuwa nimeshatoa penseli naandika nyuma ya boksi la gundi. Mara nne kwa inchi moja na robo, inchi tano. Laney anakula inchi sitini na nne kwa sekunde moja. Tano ndani ya sitini na nne ni nukta sifuri nane. Hesabu za sehemu sehemu nazijua, ndiyo kazi yangu.

"Ni hamsini na sita nukta sifuri mbili," nikasema.

"Nini hiyo?"

"Muda wake. Ukweli wake."

Wendell alikaa kwenye kisanduku cha kurukia majini. "Nani anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi paka gundi, rudisha kigae, twende tukanywe kahawa."

"Wendell."

"Hapana, nisikilize, kichwa ngumu wewe. Nukta sifuri mbili! Hata kupepesa jicho ni zaidi ya hapo. Mtoto amejikata mapafu miaka kumi na moja, wewe utamnyang'anya kwa sababu ya upana wa dole gumba?"

"Siyo mimi ninayemnyang'anya. Muda huo hakuwa nao."

"Aliogelea! Nilikuwepo! Nililia kama mjinga!"

"Aliogelea bwawa fupi."

"Ulilifanya fupi wewe ili yeye apate maji mapema." Akasema kwa sauti ya chini sasa. "Hiyo nayo utamwambia?"

Nikapaka gundi. Nikarudisha kigae. Nilikifuta vizuri na kitambaa, kikakaa safi, huwezi kujua. Tulienda kunywa kahawa na sikuinywa.

Nilipofika nyumbani, Nadine alikuwa kazini. Laney alikuwa jikoni anakula mayai manne moja kwa moja kwenye sufuria, nywele zimefungwa taulo, na amebandika picha ya chuo kwenye mlango wa friji: bwawa lao, refu, njia kumi, hakuna mtu ndani. Alikuwa anaila kwa macho pamoja na mayai.

Sijui kusema mambo pole pole. Nikakaa nikamwambia yote, kuanzia tindo mpaka tepu. Hakuacha kutafuna hadi nilipofika kwenye namba.

"Inchi ngapi?"

Nikamwonyesha kwa vidole. Akanishika ule mkono akaitazama ile nafasi katikati ya kidole na dole gumba, kwa karibu, kama anatafuta kitu humo.

"Kwa nini mlibandika juu?"

"Nilitaka uache kwenda Stroud."

Alicheka kicheko kimoja kibaya. "Ningeenda Stroud mpaka leo, Baba. Ningeenda kwa miguu."

"Najua."

"Hujui! Ungejua ungebomoa!" Akasukuma sufuria ikafika ukingoni mwa meza. "Na kwa nini umeniambia? Ungekaa kimya. Ndani ya wiki mbili hizi tuna mashindano ya wilaya, bwawa zuri, limepimwa. Ningekwenda pale miguu imenyolewa ningepata hamsini na tano ya kweli, na hakuna mtu angejua, na hata mimi nisingejua!"

Hilo lilikuwa kweli, na nilikuwa nimeshaliwaza njia nzima kurudi nyumbani. Waogeleaji hawanyoi msimu mzima. Wanatembea na miguu ya dubu kuanzia Novemba, kisha wananyoa usiku wa kuamkia mashindano makubwa, na wanapoingia majini wanahisi kama wamezaliwa upya. Kila mtu hushusha muda. Nusu sekunde, wengine sekunde nzima.

"Unaweza kukaa kimya bado," nikamwambia. "Ni muda wako. Ukisema ninyamaze, nitanyamaza. Ukuta nitaurekebisha majira ya joto, nitasema vigae vimeachia."

Aliirudisha sufuria katikati ya meza. Mayai yalipoa.

"Kuna msichana wa Marlow," akasema mwishoni. "Sauer. Yule mrefu. Ahlgren alimwambia asubiri. Alhamisi alimwandikia kwamba nafasi imechukuliwa. Sauer mwenyewe aliniandikia kunipongeza, Baba. Aliweka na vikatuni vya samaki."

"Mm."

"Angekuwa mshenzi ingekuwa rahisi."

Akachukua simu akatoka nje kwenye baraza bila koti. Nilimwona kupitia dirisha, anatembea kwenye theluji na ndara, anaongea, mkono mmoja unazunguka hewani. Aliporudi miguu ilikuwa myekundu.

"Ahlgren amesema nini?"

"Amesema asante. Amesema karatasi hazitakuja Jumatano. Atangoja wilaya, nafasi iko wazi, kwangu na kwa Sauer na kwa yeyote." Akakaa. "Halafu akauliza ni fundi gani mpumbavu aliyejenga ule ukuta."

"Ukamwambia?"

"Nimemwambia ni fundi wa kienyeji tu."

Jumatatu nilikwenda kwa Pruitt na Bev Strunk. Bev aliweka paji la uso juu ya meza akakaa hivyo. Nyakati zote za nyumbani, za watoto wote, msimu mzima, zikafutwa. Rekodi mbili zilizokuwa zimeshabandikwa kwenye ubao zikabanduliwa. Baba mmoja alinisimamisha kwenye maegesho ya duka, akaniambia nimemwibia mwanawe kitu ambacho hawezi kukinunua tena, nami nikamwambia ndiyo, kwa sababu ilikuwa ndiyo. Wengine walichagua utani. Kwenye mgahawa, kila nikiingia: "Tackett, njoo upime nyumba yangu, naona mke wangu ananikaribia." "Tackett, hebu pita karibu na kodi yangu ya ardhi, nayo ipungue." Wendell alitaka kupigana na mmoja wao, magoti yakakataa.

Laney hakunisemesha siku tisa, isipokuwa chumvi na funguo. Lakini nilimwona anavyofanya kazi. Bev alimweka kando na wengine, na kwa sababu bwawa letu lilikuwa halifai kupimia kitu, akaogelea bila saa. Alikuwa anaingia wa kwanza anatoka wa mwisho. Nilikaa juu kwenye viti na koti langu, nje bado kiza, nikamtazama akienda na kurudi kwenye ule ukuta wangu mfupi, na kila alipougusa ilinichoma.

Siku ya wilaya alinyoa. Nadine alimnyoa mgongo bafuni, mlango wazi, wanacheka wawili kama zamani. Asubuhi kwenye gari akasema, "Baba, washa hita." Lilikuwa neno la kwanza refu. Niliwasha mpaka tukatokwa jasho.

Bwawa la kule ni kubwa na lina dari ya juu. Kocha Ahlgren alikuwepo, mwanamke mwembamba mwenye miwani, amekaa peke yake na karatasi ya majina. Laney njia ya tano, Sauer njia ya nne. Kabla ya kuingia majini waligonganisha ngumi kwa upole, wote wawili miguu inang'aa.

Nilimtazama safari hii. Nilijilazimisha. Alitoka vizuri, chini ya maji muda mrefu, akaibuka mbele. Urefu wa kwanza, wa pili, anaongoza. Wa tatu ndipo nilipoona. Sijui kama ni zile siku tisa, au kulala kwake kubaya, au mwili tu ulisema huu ndio mwisho wangu. Mkono wa kushoto ulianza kuingia majini ukiwa umechelewa kidogo, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Alipigana na urefu wa nne mpaka nilisikia meno yangu yanasaga.

56.09. Wa kwanza.

Sauer wa pili, 56.30.

Hakuna aliyepata. Walining'inia kwenye kamba ya kugawa njia, wamekumbatiana, ubao juu yao unawaka. Kocha Ahlgren aliandika kitu, akafunga kalamu. Wiki hiyo nafasi yake alimpa msichana wa jimbo jingine, ambaye hatukuwahi kumwona.

Lakini siku ileile ya mashindano Ahlgren alimtafuta Laney kwenye korido, hilo nitamsifia. Nilikuwa nimesimama hatua tatu tu.

"Septemba kuna majaribio," alimwambia. "Mwanafunzi yeyote aliyekubaliwa chuoni anaweza kuja. Huwa wanakuja kumi na tano, kumi na sita. Namchukua mmoja. Mwaka mwingine simchukui yeyote. Siahidi kitu, unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Watu wengi wanaona si thamani ya safari."

"Yanaanza saa ngapi?" Laney akauliza.

Ahlgren akamtazama. "Saa kumi na mbili asubuhi."

"Nitakuwepo saa kumi na moja."

Kisha macho ya Ahlgren yakatua kwangu, kwenye mikono yangu, kwenye saruji iliyokaa kwenye mikunjo ya vidole na haitoki. Nadhani alielewa hapo yule fundi ni nani. Alinipa mkono.

Aprili walilitoa maji bwawa letu na mimi na Wendell tukarudi na tindo. Safari hii tulibomoa kila kitu, mpaka zege, bila haraka, bila malipo. Kelele ndani ya bwawa tupu ni kubwa kuliko unavyodhani. Unaipeleka nyumbani masikioni. Laney alikuwa amekubaliwa chuoni kama mwanafunzi wa kawaida, atakayelala bweni la mbali kabisa na bwawa. Kila siku baada ya shule alikuja, na begi mgongoni, akashuka ngazi hadi chini.

"Maji lini?" ndiyo salamu yake.

"Ukuta ukauke. Gundi ishike. Kujaza peke yake siku tatu. Sema wiki tano."

"Wiki tano." Alisema kama mtu aliyehukumiwa. "Ziwani barafu imeondoka jana."

"Ziwani utakufa."

"Nitakufa nikiwa nimelowa."

"Mpige huyu," Wendell akaniambia. "Mpige na mwiko."

Lakini hakwenda ziwani siku ile. Aliweka begi chini, akaenda upande wa kina kifupi, akasimama juu ya mstari mweusi wa njia ya nne, akatugeuzia mgongo. Kisha akaanza kuja kwetu kinyumenyume, viatu vinasugua sakafu kavu, mikono inazunguka nyuma, mmoja, mwingine, uso umeelekea darini. Mtu wa chali haoni ukuta. Ana bendera zilizotundikwa juu yake; akizipita anahesabu mizunguko ya mikono, na ikiisha anaamini kwamba ukuta upo.

"Dereva wa rivasi!" Wendell akapiga kelele. "Angalia nyuma, mama, kuna watu!"

Hakugeuka. Alishuka ule mteremko wa kuelekea kina kirefu, polepole, midomo inatembea. Mabegani alikuwa amejaa vumbi letu. Alipita chini ya bendera. Niliona midomo inasema moja, mbili, na ilikuwa wazi kwamba tindo linamvuruga, kwa sababu alisita, akatikisa kichwa, akarudi nyuma ya bendera kuanza upya.

Nikamwashiria Wendell anyamaze, nikaweka nyundo chini ili binti yangu apate kuhesabu.